Muulize Da Mishi: Nesi anayewasomea mawakili mafaili

Toleo lililopita nesi mmoja wa Bamburi aliuliza kama anaweza kulipwa kwa kumsomea wakili faili ya hospitali, nikamjibu kwa mistari mitatu nikadhani yameisha. Kumbe! Barua zimemiminika, za manesi, za mawakili, hata moja ya mama wa Likoni ambaye sio nesi wala wakili na ndio yenye haraka kuliko zote. Mwezi huu basi tuongelee hii tu, wa mambo ya ndoa na mawifi mtanisubiri.

*Da Mishi shikamoo. Mi ni nesi niko Kisauni, nimekaa leba na kesualti miaka 11 sasa. Binamu yangu ni wakili hapa town, juzi akaniletea faili ya mama mmoja aliyejifungua vibaya akanambia hebu nisomee mi sioni mbele wala nyuma, nikakesha nayo nikamwandikia karatasi nne, alishangaa mwenyewe, akaninunulia biriani akasema asante sana. Sasa nasikia huko Marekani hii ni kazi ya mtu na analipwa nayo. Huku kwetu inawezekana ama naota? Na lazima nikasomee sheria?*
*Nesi wa Leba, Kisauni*

Marahaba mwanangu. Biriani ilikua tamu lakini hapo wakili ndie aliekula zaidi.

Hauoti. Marekani kazi hio ina jina, legal nurse consultant, na ina chama chake, AALNC, kilichoanzishwa 1989, na manesi walikua wanaifanya hata kabla ya hapo. Sio uwakili na huhitaji digrii ya sheria. Wakili anajua sheria, lakini ukimuonyesha shiti ya obs (vipimo vya mgonjwa) yenye presha 160/110 saa nane usiku na kipimo kinachofuata ni saa kumi na mbili asubuhi, yeye anaona namba mbili, we unaona masaa manne ambayo mtu alipaswa kukimbia na hakuna alieandika kama alikimbia. Hio tofauti ndio bidhaa unayouza.

Huku Kenya hakuna bodi inayokupa cheo cha aina hio. Baraza la Wauguzi linakusajili kama nesi, basi, na hio laiseni ndio mtaji wako wote, usiiache ilale hata mwaka mmoja, na zile pointi za masomo ya kuendelea uzipate, manake siku ukisimama kortini swali la kwanza la wakili wa upande wa pili litakua hilo hilo.

Kazi ipo? Angalia mafaili yanatoka wapi. Ajali za barabara ya Nairobi kuanzia Changamwe, Miritini, Mariakani huko, na hizi boda boda zetu. Wanaoumia magodauni na bandarini wanaodai fidia chini ya sheria ya kuumia kazini ya 2007, ile watu wanaita WIBA. Waliopigwa wakajaziwa P3, ile fomu ya polisi ya majeraha. Alafu kuna hizi za leba na operesheni ambazo ni chache lakini faili zake ni nene kama Yelopeji ya zamani. Na usidhani mteja ni wakili wa mgonjwa peke yake, kampuni za bima na mawakili wanaotetea hospitali nao wana mafaili wasiyoyaelewa, tena wao mara nyingi ndio wanaolipa kwa wakati.

Sasa kazi yenyewe inavokwenda, kwa sababu wengi wanaruka hapa. Faili inakuja imechanganyika, risiti katikati ya shiti ya dawa, ukurasa wa tatu uko baada ya wa arobaini. Unaipanga kwa tarehe na saa, unaweka namba kila ukurasa, alafu unaandika mtiririko: saa ngapi nini kilifanyika, nani aliandika, ukurasa gani. Mstari mmoja tukio moja. Ukimaliza hapo ndio unatafuta mashimo. Chukua patografu, ile chati ya uchungu, wewe wa leba unaijua: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kufunguka kwa njia kila masaa manne, mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua vimepishana masaa manne. Sasa ukikuta patografu imejazwa vizuri mno, nukta zote zimenyooka, wino mmoja, mwandiko mmoja toka asubuhi mpaka usiku wakati shifti zilibadilika saa moja jioni, hapo unasimama. Unaandika tu kwamba shifti ilibadilika saa fulani kwa mujibu wa ukurasa fulani na mwandiko unaonekana ni ule ule. Huandiki "walighushi." Anaesema walighushi ni mwingine, tena mbele ya jaji.

Na hapa ndipo manesi wazuri wanapoteleza, tunajua mno kwa hivo tunakimbilia hukumu. Neno uzembe usiliandike, hilo ni la korti. We sema kilichotakiwa kufanywa kwa muongozo wa wakati ule ni hiki, kilichoandikwa kufanywa ni hiki, na ambacho hakikuandikwa ni hiki. Tena angalia muongozo wa mwaka ule, sio wa leo. WHO walitoa chati mpya ya uchungu 2020, huwezi kumlaumu nesi wa 2017 kwa chati ambayo haikuwepo.

Mipaka nayo uijue. Usimuandikie mtu barua ya madai, usimuandalie hati za kesi kwa malipo, usimwambie mgonjwa "hapa unashinda." Sheria ya mawakili inakataza mtu asie wakili kufanya kazi ya uwakili na haijali kama ulikua unasaidia tu.

Pa kuanzia: tengeneza mfano mmoja. Tunga mgonjwa wa kubuni kabisa, hospitali ya kubuni, muandikie mtiririko wa kurasa mbili na muhtasari wa ukurasa mmoja, uwe safi. Usichukue faili ya wodi yako ukafuta jina, watu wa hapa tunajuana, mama mwenye mapacha aliepelekwa ICU Ramadhani ilopita hahitaji jina. Ukishapata huo mfano peleka kwa binamu, ale biriani yake mwenyewe safari hii, akutambulishe kwa wenzake wawili wanaofanya kesi za kuumia. Na kazi ya hospitali usiache kwanza. Wodi ndio inakuweka ukijua mambo yanavofanyika leo, na mshahara ndio unakupa nguvu ya kukataa faili mbaya.

*Da Mishi mambo. Wakili ameniambia hana pesa ya kunilipa saa hii ila kesi ni nono, tukishinda atanipa asilimia 10. Nikipiga hesabu naona ni pesa ambayo sijawahi kushika. Nikubali?*
*Nimechanganyikiwa, Mikindani*

Usikubali.

Kwanza yeye mwenyewe haruhusiwi, sheria ya mawakili inamkataza kugawana ada yake na mtu asie wakili, kwa hivo huo mkataba hata ukiuandika kwa dhahabu hutaenda nao popote. Pili, ukishakua na asilimia kwenye kesi maoni yako hayana bei tena. Wakili wa pili atakuuliza "bi nesi, kesi hii ikishinda wewe unapata ngapi?" na korti nzima itakua inakungoja. Hata huko Marekani ambako wakili anaruhusiwa kuchukua kesi kwa asilimia, shahidi mtaalamu analipwa kwa muda wake, hapewi fungu la ushindi.

Tatu ni biashara. Kazi yako nzuri kuliko zote itakua kumwambia wakili "hii faili haina kitu, muuguzi alifanya kila alichopaswa, achana nayo." Umemuokolea miaka na hela za kufungua kesi. Kwa asilimia, siku hio unalipwa sufuri. Sasa nambie mtu anaelipwa sufuri kwa kusema ukweli atausema mara ngapi?

Lipisha muda. Nakupa hesabu ya mfano, namba uweke zako. Tuseme unataka 60,000 kwa mwezi juu ya mshahara na una masaa 40 ya kazi hii kwa mwezi. Kumi yatakwenda kwa simu, kufuatana na watu, kuandika invoisi, hayo hayalipwi na mtu, yanabaki 30. Gharama zako, intaneti, stima, printa, laptopu kuchakaa, weka 15,000. Jumla 75,000 gawa kwa 30, saa moja ni 2,500. Ikija faili ya kurasa 400 na unasoma kurasa 40 kwa saa, hayo masaa kumi, kuandika matano, jumla 37,500. Nusu unachukua kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, na unaandika kabisa kwamba mwandiko wa daktari usiosomeka ni muda wa ziada. Nacheka lakini sio mzaha, kuna madaktari mwandiko wao peke yake ni saa mbili.

Kodi usisahau. Malipo ya kazi za kitaalamu yakifika 24,000 kwa mwezi anaekulipa anakata asilimia 5 anapeleka KRA, kwa hivo katika ile 37,500 anakata 1,875 unashika 35,625. Haijapotea, cheti chake kinaonekana iTax na unaitoa kwenye hesabu yako ukifanya ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Na ile kodi ya biashara ndogo inayohesabiwa kwa mauzo haihusu ada za kitaalamu, manake kuna watu wa saiba wanawajazia manesi huko kisha mambo yanakua mengi.

*Bi Mishi, mimi sio nesi, ni mama wa nyumbani Likoni. Mume wangu alifanyiwa operesheni ya mguu hospitali ya serikali, miezi kumi sasa, kidonda hakikupona na mguu ukakatwa. Tunangoja apate nguvu ndio tutafute haki. Huyo nesi wa kusoma faili tunampata wapi?*
*Mama Salma*

Pole sana bi Mama Salma, Mungu amtie nguvu mzee.

Usingoje. Ukidai serikali kwa jambo kama hili muda wa kufungua kesi ni miezi 12 toka tukio, hospitali ya binafsi ni miaka mitatu. Nyinyi mmeshamaliza miezi kumi. Kuna njia za kumuomba jaji aongeze muda lakini ni nyembamba, usizitegemee. Wiki hii tafuteni wakili anaefanya kesi za matibabu, nesi atatafutwa na wakili, huyo ni wa pili. Na mzee mwenyewe, ama wewe kwa barua yake aliyoisaini, muombe nakala ya faili hospitalini kwa maandishi, barua igongwe muhuri wa kupokelewa na mbaki na kopi. Malalamiko kwa Baraza la Madaktari mnaweza kupeleka pia, la manesi kwa Baraza la Wauguzi, lakini hayo ni ya nidhamu na hayasimamishi saa ya korti. Huo ndio mtego unaowanasa wengi, wanangoja jibu la baraza na miezi 12 inapita.

*Da Mishi, mimi ni nesi wa hospitali moja kubwa hapa kisiwani. Nimeanza hii kazi ya mafaili vizuri tu, sasa wakili ameniletea kesi ya mgonjwa wa hospitali yetu hii hii, wodi nyingine sio yangu. Anasema mimi ndio nafaa zaidi kwa sababu najua system ya ndani. Tena rafiki yangu wa rekodi yuko tayari kunipigia picha kurasa zilizokosekana anitumie WhatsApp. Sioni ubaya kwani ni za kumsaidia mgonjwa.*
*Nimetulia, Mvita*

Hujatulia wewe, ndio maana umeandika.

Faili ya mahali unapofanya kazi hugusi. Haijalishi wodi gani. Leo unalipwa na hospitali kesho unalipwa na anaeishtaki, ama kinyume chake, na hakuna atakaekuamini, sio muajiri wako, sio korti, hata huyo wakili akishamaliza na wewe atajiuliza siku moja utamfanyia nini yeye. Rudisha kwa ujumbe wa mistari miwili: siwezi kwa sababu ya mgongano wa maslahi, asante. Usieleze zaidi na usiifungue "kuangalia tu," ukishaisoma umeshajua. Weka mtindo huu tangu leo, kabla hujapokea faili yoyote uliza kwanza majina matatu: mgonjwa, hospitali, na wahudumu wanaotajwa. Ukikuta shemeji yako, uliesoma nae, incheji wako wa zamani, unasema mapema. Mombasa ni ndogo, utarudisha mafaili mengi kuliko nesi wa Nairobi, hio ndio hali.

Sasa la rafiki wa rekodi. Hapo sio mambo ya adabu tu, ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya kwenye lile fungu nyeti kabisa, na Sheria ya Afya ya 2017 nayo inataka siri ya mgonjwa itunzwe. Kurasa zinatoka kwa njia mbili, mgonjwa mwenyewe ameridhia kwa maandishi ama korti imeamuru. Picha ya WhatsApp kutoka rekodi sio moja wapo, rafiki yako anafukuzwa kazi, wewe laiseni iko mashakani, na ule ukurasa wenyewe unaweza kuzua ugomvi mkubwa kortini kuliko faida yake. Kama kurasa hazipo andika hazipo! Hilo ndio jambo wakili anataka kujua, "shiti ya dawa ya tarehe 4 mpaka 6 haimo katika nakala tuliopewa," yeye ataidai kwa njia yake, na ikishindikana kupatikana, hospitali itaulizwa iko wapi. Shimo lililoandikwa vizuri wakati mwingine lina nguvu kuliko ukurasa.

Na kwa hayo mafaili mengine unayofanya kihalali: usifanye kwa kompyuta ya saiba, usiache laptopu wazi kwenye matatu, weka paswadi, weka faili mahali pamoja palipofungwa, na mkataba wako useme ukimaliza unarudisha ama unafuta lini. Kisheria wakili ndie mwenye data na wewe unaichakata kwa niaba yake, kwa hivo ikivuja kwako una masaa 48 kumjulisha, na yeye ana 72 kujulisha ofisi ya Kamishna wa Data. Simu ikiibiwa kivukoni Ijumaa usingoje Jumatatu.

*Hujambo dada. Naona kozi onlaini wanauza cheti cha unesi wa sheria, wanasema ukimaliza unapata mawakili wa Marekani unawafanyia kazi ukiwa nyumbani unalipwa dola. Bei yake ni kama mshahara wangu wa miezi miwili. Niingie?*
*Dola Tamu, Nyali*

Sijambo. Jina lako lenyewe limeshaniambia.

Cheti kinachoheshimika huko ni LNCC, kinasimamiwa na bodi ya kile chama cha AALNC nilichotaja juu, na ili ukae mtihani wake unatakiwa uwe na laiseni hai ya unesi ya Marekani, uzoefu wa miaka mitano ya unesi, na masaa 2,000 ya kazi hii hii ndani ya miaka mitano iliopita. Yani ni cheti cha mtu alieko ndani tayari, sio mlango wa kuingilia. Hizo kozi zinakupa cheti cha kumaliza kozi. Baadhi zinafundisha vizuri wala sizitukani, lakini hakuna wakili wa Houston anaengojea cheti hicho.

Wakili wa kule anataka nesi mwenye laiseni ya kule, aliefanya wodi za kule, kwa sababu kinachopimwa ni huduma ya kule, na muda wa kushtaki unatofautiana jimbo kwa jimbo. Kama umeshafanya NCLEX, ule mtihani wa laiseni ya unesi ya kule, na una laiseni ya jimbo, mazungumzo mengine hayo, na kuna kazi ya nyuma ya pazia kama kupanga mafaili na kuandika mtiririko ambayo unaweza kuifanya ukiwa hapa chini ya nesi wa kule, mradi wakili amekubali kwa maandishi faili zitoke nje ya nchi, wana sheria yao ya siri za wagonjwa ya 1996, HIPAA, hawaichezei. Na New York iko nyuma yetu masaa saba ama nane, kikao chao cha saa tisa alasiri kwako ni saa nne ama saa tano usiku na asubuhi una shifti.

Mshahara wa miezi miwili ni laptopu na kitabu kizuri cha sheria ya ushahidi ya Kenya na chenji inabaki. Anza hapo.

*Bi Mishi, natoa heshima. Mimi ni wakili mchanga, ofisi Nkrumah Road. Nimepata nesi hodari sana lakini ripoti zake ni kurasa 40, ndani yake ameshahukumu, amesema daktari alimuua mgonjwa. Nataka kumtumia kama shahidi. Nimwambieje bila kumvunja moyo?*
*Wakili, Mombasa*

Heshima nimeipokea, na umefanya vyema kuuliza kabla hujamuorodhesha.

Muulize wewe mwenyewe kwanza unamtaka kwa lipi, kuna nesi wa kukusomea nyuma na kuna nesi wa kusimama kizimbani, sio lazima awe mmoja. Wa nyuma anakuandikia kila kitu ikiwemo udhaifu wa kesi yako. Wa kizimbani ataulizwa amesoma nini, ameandika nini, nani amemlipa. Ukimchanganya yule yule kwa kazi zote mbili, yale yote aliyokunong'oneza utayakuta mikononi mwa mwenzako. Amueni mapema na mkataba useme.

Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinakubali maoni ya mtaalamu kwenye fani yake, na neno la kushika ni hilo la fani yake. Nesi aseme juu ya unesi: dawa ilitolewa saa ngapi, mgonjwa aligeuzwa, obs zilichukuliwa, daktari aliitwa na ikaandikwa. Daktari alipaswa kupasua ama kutopasua, na kifo kilisababishwa na nini, hapo tafuta daktari. Na wote wawili wapime kwa kipimo cha Bolam, ile kesi ya Uingereza ya 1957 ambayo korti zetu zinaitumia mpaka leo, mtu hapimwi kwa bingwa wa mabingwa, anapimwa kwa mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi ile ile. Nesi wako aliekaa ICU miaka mingi ana hatari ya kumpima nesi wa zahanati kwa macho ya ICU, mkumbushe.

Kumwambia ni rahisi, usimwambie "ripoti yako mbaya," mpe fomati: ukurasa mmoja wa muhtasari, mtiririko wenye namba za kurasa, mashimo, maswali ambayo wakili awaulize wahudumu. Hio ya mwisho manesi wanaipenda na inawatoa kwenye kuhukumu, badala ya "alimuua" anaandika "muulize kwa nini oksijeni iliagizwa saa tatu na ikaandikwa kuanza saa tano." Atapunguza kurasa mwenyewe. Na mlipe siku za kortini hata kesi ikiahirishwa, maana ameomba ofu, amepanda feri alfajiri, mumekaa kwenye benchi mpaka saa sita na jaji yuko likizo.

*Da Mishi, la mwisho dogo tu. Wakili ninaemfanyia kazi ni rafiki wa familia, ana ripoti zangu tatu, hajalipa hata moja, kila siku "wiki ijayo inshallah." Nikidai naonekana sina adabu. Nifanyeje?*
*Mvumilivu, Tudor*

Ya nne usipeleke. Muandikie kwa upole kwamba ripoti iko tayari na itatoka salio la zile tatu likiingia, ambatisha invoisi zote na tarehe zake, na tuma kwa imeili sio kwa sauti ya WhatsApp. Mara nyingi hapo pesa inapatikana siku hio hio, kwa sababu kesi ina tarehe. Isipopatikana kuna korti ya madai madogo, inachukua mpaka shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na yeye kama wakili hatapenda jina lake lisomwe huko. Mamako akikuuliza kwa nini unamdai rafiki wa familia mwambie na yeye ana invoisi za wateja wake, na hajamsamehe mtu.

Wa mawifi, toleo lijalo ni lenu.